Mafuta Tunayokula na Safari ya Saratani Mwilini

Saratani ikiwa bado imekaa mahali pamoja, mara nyingi tabibu huweza kuikata au kuichoma kwa mionzi. Inayoua zaidi ni ile iliyokwisha kuhama, ikatoka kinywani, kwa mfano, ikaingia tezi za shingo na hatimaye mapafu. Ni seli zipi huanza safari hiyo, nazo hula nini? Swali hilo liliwashughulisha watafiti wa taasisi ya IRB mjini Barcelona, Hispania, wakiongozwa na Salvador Aznar Benitah. Majibu waliyoyatoa mwaka 2016 tumeona yawafikie wasomaji wetu, kwa kuwa yanagusa chungu cha kila nyumba.

Watafiti hao walipandikiza kwa panya seli za saratani ya kinywa cha binadamu. Wakagundua kuwa miongoni mwake zimo chache zenye protini iitwayo CD36 juu ya utando wake. Protini hiyo ni kama mlango, hupokea mafuta na kuyaingiza ndani, na seli huyatumia kujipatia nguvu. Panya waliolishwa mafuta mengi walipata saratani iliyosambaa zaidi. Kisha seli ziliwekwa kwa siku 2 katika asidi ya palmitiki, mafuta ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mawese, na yamo pia katika samli na nyama iliyonona. Panya wote waliopandikizwa seli hizo walipatwa na saratani ya kusambaa. Bila asidi hiyo, walipatwa nusu yao tu.

Ndipo ikajaribiwa dawa, yaani kingamwili ya kuuziba mlango ule. Panya walioipata mapema, saratani yao karibu haikuhama kabisa. Walioipata baada ya saratani kusambaa, kiasi cha 15 katika kila 100 vivimbe vilivyohamia vilitoweka, na kwa wengine vilisinyaa sana. Lakini uvimbe wa awali, ule wa kinywani, haukuguswa. Dawa ilifunga njia, haikung'oa mzizi.

Mwaka 2021 watafiti hao walirudi na habari iliyotushtua zaidi. Seli zilizoonja asidi ya palmitiki kwa muda mfupi ziliendelea kuwa na ukali wa kusambaa hata baada ya kuhamishiwa panya wasiolishwa mafuta hayo, kana kwamba zina kumbukumbu. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, haikuonyesha athari hiyo.

Je, ndugu zetu wa Kigoma wamwage mawese yao? Hatusemi hivyo. Panya si binadamu, na mwili wenyewe hutengeneza asidi ya palmitiki hata tusipoila. Isitoshe, majaribio haya yalihusu saratani iliyokwisha kuwapo. Hayakusema kwamba mawese huizalisha.

Tunalihofia jambo jingine. Habari kama hizi zikifika barazani hugeuka kuwa amri, na mgonjwa hunyimwa nyama, maziwa na mafuta yote na watu wanaompenda, bila daktari wake kuulizwa. Mgonjwa wa namna hiyo hudhoofika upesi hata akashindwa kustahimili dawa, na wauguzi wakabaki kuhangaika kumrudishia uzito alioupotezea nyumbani.