Gari la fomula la redio

Gari la fomula la redio ni gari dogo la mashindano linaloongozwa kwa redio, lenye magurudumu wazi kama magari ya Formula One. Aina iliyoenea ina kipimo cha 1:10, na mota yake ya umeme huzungusha magurudumu ya nyuma pekee. Miongoni mwa yale ya mwanzo ni Tyrrell P34 ya magurudumu sita, iliyotolewa na kampuni ya Tamiya ya Japani mwaka 1977.

Kwa kuwa nguvu yote huenda nyuma, tatizo kubwa ni mkia kuteleza dereva anapoongeza kasi akitoka kwenye kona. Wanaoanza hukimbilia kubadilisha mota, ilhali kazi huanza kwenye chasisi. Gari huwekwa juu ya kioo kilicho sawa, kisha pua yake huinuliwa katikati kwa ncha ya kisu: magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuinuka kwa pamoja. Moja likitangulia, chasisi imejipinda au springi za pande mbili hazilingani, na gari litakata vizuri kona za upande mmoja tu.

Kisha huja matairi, ambayo huamua mengi kuliko kifaa kingine chochote. Ya nyuma kwa kawaida huwa laini zaidi. Mkia ukiendelea kuteleza, springi za mbele hubadilishwa ziwe ngumu, ili pua isishike barabara kupita kiasi. Hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo haijulikani kipi kimesaidia.

Matairi ya sponji yana shida yake: yanapolika, kipenyo hupungua, chasisi hushuka na kasi ya juu hupungua. Hivyo kimo hupimwa tena, na gia ya mota hubadilishwa kwa yenye meno mengi zaidi. Meno yakizidi, mota hupata moto na kuungua.