Kosa la Zamani Likisomwa Mahakamani: Je, Ni Kuadhibiwa Mara Mbili?



Ndugu yetu mmoja wa Bariadi, mkoani Simiyu, ametuuliza. Mdogo wake alifungwa kwa unyang'anyi, akamaliza kifungo, akatubu. Sasa ametiwa hatiani tena, na kosa lile la zamani limesomwa mbele ya hakimu. Si dhulma hiyo?

Tuanze na sheria ilivyo, maana wengi huchanganya. Rekodi ya zamani haisomwi ili kuthibitisha kuwa kaiba safari hii. Hakimu husikiliza ushahidi wa kesi iliyo mbele yake. Akishamtia mtu hatiani, ndipo humuuliza mwendesha mashtaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Mshtakiwa akikana kuwa rekodi ile ni yake, lazima ithibitishwe. Kisha naye huomba apunguziwe.

Na hapo ndipo penye uchungu. Kwa Tanzania Bara (sisi wa Visiwani tuna sheria yetu), unyang'anyi wa kutumia silaha, na panga ni silaha, adhabu yake ya chini ni miaka 30, hata kwa aliyekosa mara ya kwanza. Usio wa silaha, wa mtu mmoja asiyejeruhi, si chini ya miaka 15. Hakimu hashuki hapo kwa machozi ya mama wala kwa wazee waliokuja kuombea. Mwenye rekodi ana zaidi ya kuhofia: anaweza kupandishwa juu ya kiwango hicho. Na akitiwa hatiani huku kifungo cha kwanza hakijaisha, cha pili huanza baada ya cha kwanza, ila mahakama iamuru viende pamoja.

Mafakihi wetu nao walizingatia kurudia. Katika wizi wenye hadd, wa mara ya kwanza hukatwa mkono wa kulia, wa mara ya pili mguu wa kushoto. Wa mara ya tatu, Mahanafi wanasema hakatwi tena, bali hufungwa mpaka idhihirike ametubu. Sisi Mashafi'i tuna kauli nyingine. Kinachoadhibiwa ni kosa jipya, la mtu aliyekwisha kuonywa. Kwa hiyo hatuoni kuwa hiyo peke yake ni dhulma.

Ama tawba, ikiwa ya kweli, Allah huipokea. Lakini hata mnyang'anyi aliyetubu kabla ya kukamatwa, ambaye Surat al-Maida aya ya 34 inamtoa katika hadd, haki za watu hazimwondoki. Muulizaji hakutueleza kama mwenye mali wa kesi ile ya kwanza alilipwa. Kifungo hakilipi deni. Ikiwa hajalipwa, familia imwendee, imlipe kwa niaba yake au imwombe msamaha.

Na ikiwa rekodi iliyosomwa si ya mdogo wake, asikae: taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Wallahu a'lam.