Kioo cha mbele cha motokari: uangalie vizuri mbele ya kulipa

Ndugu mtumikaji, kamioni imekupita barabarani, jiwe limeruka, kioo cha mbele cha motokari yako kimepasuka. Sasa unatafuta kingine. Wengi wanauliza bei tu. Lakini kioo hiki si cha kuzuia vumbi peke yake: kinalinda macho na kichwa chako, na cha bibi na watoto unaowabeba.

Mtumikaji mmoja alifika kwetu dispensari na damu usoni. «Jiwe moja tu, munganga, na kioo chote kikanimwagikia.» Alikuwa ameuziwa kioo cha bamba moja.

Ujue basi namna mbili za vioo. Cha bamba moja, kilichokazwa kwa moto, kinavunjika mara moja kuwa punje nyingi. Hicho ni cha milango. Cha mbele kiwe «feuilleté»: mabamba mawili na plastiki katikati. Kikipasuka, vipande vinashikwa na plastiki.

Utakitambua namna gani?

1. Soma alama katika pembe. Penye herufi E ndani ya duara, II au III ni feuilleté. I ni bamba moja, ukikatae. Vioo vya Marekani vina alama AS1.

2. Angalia ukingo: utaona mabamba mawili.

Kazi ya fundi nayo ni kubwa. Akate kole ya zamani, aondoe kutu, atumie kole ya poliuretani ya motokari. Silikoni ya madirisha ya nyumba haitoshi. Motokari ikigonga, kioo kilichoshikwa vibaya kinatoka kizima, na mtu asiyefunga mkanda anaweza kukifuata nje. Hata mfuko wa hewa wa abiria unaegemea kioo hicho unapofura.

Usitoke garaji mbele ya saa zilizoandikwa kwenye kole kutimia. Kole hii inakauka kwa unyevu wa hewa. Hivi katika miezi yetu ya ukavu inakawia. Acha dirisha moja wazi kidogo, wala usipige milango kwa nguvu.

Kipande kikiingia jichoni, usisugue, usikitoe mwenyewe. Funika jicho bila kulikandamiza, upelekwe hospitali upesi.

Kungoja garaji ni taabu ya siku moja. Kupoteza jicho ni taabu ya maisha yote.