Bahari Ndani ya Kioo: Je, Matumbawe Yanaweza Kuishi Rujewa?

Mto Mbarali hupita kando ya mji wa Rujewa, hunywesha mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu, kisha huingia katika Ruaha Mkuu. Tone la maji lisiloishia shambani, wala kukauka njiani wakati wa kiangazi, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu na mabwawa ya Mtera na Kidatu, hujiunga na Rufiji, na hatimaye humwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, penye miamba ya matumbawe. Kwa njia hiyo Rujewa, ingawa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ina uhusiano na matumbawe ambayo wakazi wake wengi hawajapata kuyaona.

Je, safari hiyo yaweza kugeuzwa? Yaani, matumbawe yaweza kuletwa Rujewa yakaishi katika tangi la kioo, sebuleni au katika maabara ya shule? Jibu ni kwamba yawezekana. Lakini kila kazi ambayo bahari huifanya bure, mfugaji hana budi kuifanya kwa mikono, kwa mashine na kwa fedha. Kuzichunguza kazi hizo moja baada ya nyingine ni njia nzuri ya kufahamu mwamba wa matumbawe ni kitu gani, na kwa nini hudhurika upesi.

Mnyama ajengaye mawe

Tumbawe laonekana kama jiwe au mmea, kumbe ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi. Kila polipi ana mwili laini mfano wa kifuko, na mdomo uliozungukwa na minyiri. Chini ya mwili wake hujenga kikombe kigumu cha kalsiamu kabonati, madini yale yale yaliyomo katika chokaa mawe na katika ganda la konokono. Vikombe hivyo vikirundikana kwa karne nyingi huwa mwamba.

Polipi hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Ndani ya chembe za mwili wake huishi mwani wa seli moja, ambao hutumia mwanga wa jua kufanya usanidinuru. Mwani humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula unachotengeneza. Mwenyeji naye huupa mwani makao, kabonidioksaidi na virutubisho. Kwa hiyo anayefuga tumbawe anafuga viumbe viwili kwa pamoja, mnyama na mwani, na hali isiyomfaa mmoja huwaua wote wawili. Hii ndiyo sababu tangi la matumbawe huhitaji taa zenye nguvu kwa saa nane hadi kumi na mbili kila siku. Jua la Usangu lingetosha kwa mwanga, lakini likipiga kioo moja kwa moja hupasha maji joto kupita kiasi.

Maji ya bahari si maji na chumvi tu

Kilo moja ya maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi mbalimbali. Tangi la lita 200 basi huhitaji takriban kilo 7 za chumvi. Mtu aweza kudhani kwamba kilo 7 za chumvi ya dukani zingetosha. Hapo ndipo wengi hukosea.

Chumvi ya mezani, iwe ya Uvinza au ya pwani, karibu yote ni sodiamu kloraidi. Katika maji ya bahari sodiamu na kloraidi ni kama asilimia 86 tu ya chumvi zote. Sehemu iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, bikabonati na vinginevyo. Mashamba ya chumvi ya pwani huvitenganisha vitu hivi kwa taratibu za kikemia: maji yakivukizwa, kalsiamu kabonati hujitenga kwanza, hufuata jasi, kisha chumvi ya mezani, na magnesiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho. Hivyo chumvi iliyo safi kwa mpishi ina upungufu wa vitu ambavyo polipi huvihitaji kujengea mifupa yake. Wafugaji hutumia mchanganyiko maalumu wa chumvi zote, kwa kuwa ni rahisi zaidi kusafirisha kilo 7 za unga kuliko kilo 205 za maji ya bahari.

Maji ya kuchanganyia nayo yahitaji uangalifu. Maji ya mifereji ya mashamba ya mpunga huweza kuwa na mabaki ya mbolea, na mbolea hiyo husitawisha mwani wa kijani ambao huyafunika matumbawe. Mabomba ya shaba nyeusi au shaba nyekundu yaepukwe kabisa, kwani shaba, hata ikiwa kidogo sana, ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo.

Hata baada ya kuchanganywa vema, maji hayabaki yalivyo. Wakati wa kiangazi maji huvukizwa kwa wingi, lakini chumvi haivukizwi. Tangi la lita 200 likipoteza lita 20, gramu 35 katika kila lita hupanda na kufikia karibu gramu 39. Kwa hiyo pengo la mvukizo hujazwa kila siku kwa maji yasiyo na chumvi. Anayelijaza kwa maji ya chumvi huongeza kosa badala ya kulisahihisha.

Joto, hewa na mwinuko wa nchi

Matumbawe ya kitropiki hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 27 za Sentigredi. Usiku wa Juni na Julai katika Nyanda za Juu Kusini ni wa baridi, na tangi dogo hupoa upesi. Hivyo lahitaji hita yenye kidhibiti joto. Mchana wa Oktoba na Novemba tatizo hugeuka, nalo tangi lahitaji kupozwa.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Kanieneo ya hewa katika mwinuko wa Rujewa ni pungufu kwa kama asilimia 12 ikilinganishwa na pwani, na oksijeni iyeyukayo majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita pale pwani. Rujewa yatabeba kama miligramu 5.8. Usiku, mwani unapoacha usanidinuru lakini viumbe vyote vikiendelea kupumua, akiba hiyo hupungua hadi alfajiri. Pampu ya kuzungusha maji ikisimama kwa kukatika umeme, samaki na matumbawe huweza kufa kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ni kitu cha kununuliwa mapema, kabla ya samaki wa kwanza.

Wafanyakazi wasioonekana

Vifo vingi katika matangi mapya hutokea katika majuma ya mwanzo, na mara nyingi mfugaji hulaumu chakula au ugonjwa. Aghalabu sababu ni amonia, itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, alifaulu kuwatenga bakteria waigeuzao amonia. Kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Katika tangi jipya bakteria hao ni wachache mno, na huchukua majuma manne hadi sita kuzaana vya kutosha.

Kwa maji ya bahari subira hiyo ni ya lazima zaidi. Maji hayo yana pH ya 8.1 hadi 8.3, na kila pH ipandapo kwa kizio kimoja, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu huongezeka kwa karibu mara kumi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotunza matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake, pamoja na mapovu ya hewa. Mawe hayo yalikuwa yamekwisha kujaa bakteria.

Chokaa inayorudi majini

Wanafunzi wa kemia huyafahamu maji ya chokaa, ambayo hugeuka meupe yakipulizwa kabonidioksaidi. Maji hayo hayo hutumika katika tangi. Polipi huondoa kalsiamu na bikabonati majini siku zote, na katika bahari upungufu huo hauonekani kwa sababu ya wingi wa maji. Katika lita 200 huonekana upesi. Maji ya chokaa safi, yakidondoshwa tone kwa tone, hukutana na kabonidioksaidi iliyomo majini na kufanya kalsiamu bikabonati, ambayo polipi huitumia. Yakimwagwa kwa mkupuo huua, kwa maana pH yake hukaribia 12.

Yafaa kukumbuka kwamba pwani ya Tanzania chokaa ya kujengea imechomwa kwa muda mrefu kutokana na matumbawe yenyewe. Kilichojengwa na polipi kwa karne nyingi huishia katika tanuri kwa siku chache.

Shule ifanye nini?

Tangi la matumbawe ni ghali, na hapana sababu ya kung'oa tumbawe baharini ili kulijaza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, inalinda miamba hiyo, na biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi hudhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Wafugaji waangalifu hupanda vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokwisha kukua ndani ya matangi.

Shule ya Rujewa yaweza kujifunza kanuni zile zile kwa tangi la maji baridi lenye changarawe, mimea ya majini na perege wawili watatu wadogo. Wanafunzi wapime joto asubuhi na mchana, waandike kimo cha maji kila siku, na wangoje majuma sita kabla ya kuongeza samaki. Katika chupa ya pili waweke maji ya chumvi yenye uzito uliopimwa, wakokotoe jinsi chumvi inavyozidi maji yakivukizwa. Katika ya tatu waweke ganda la konokono ndani ya siki, waone jinsi asidi inavyoliyeyusha.

Mwaka 1998 joto la maji ya Bahari ya Hindi ya magharibi lilipanda nyuzi moja hadi mbili juu ya kawaida. Matumbawe yaliufukuza mwani wake yakawa meupe, na baadhi ya miamba ya Mafia ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe hai. Mfugaji ambaye hita yake imeharibika kwa nyuzi mbili aweza kuirekebisha jioni hiyo hiyo. Bahari haina kidhibiti joto cha kurekebishwa, wala maji mengine ya kubadilishia. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaikia lita 200 kwa muhula mmoja hatahitaji kuelezwa mara mbili maana ya nyuzi hizo mbili.