Lucy Kibaki na Cheo cha "Mama"

Kiswahili humpa mke wa rais heshima ya "Mama". Katiba ya Kenya haimpi kazi yoyote. Lucy Kibaki, aliyekuwa mwalimu, alipoingia Ikulu mwishoni mwa 2002, hakukuta desturi ya karibu ya kufuata: Daniel arap Moi alitawala miaka 24 akiwa ametengana na mkewe, Lena. Lucy akajitungia nafasi yake, mara nyingi kwa ukali. Mei 2005 aliwavamia usiku wanahabari wa Nation ofisini mwao, Nairobi, akilalamikia walivyomwandika. Kisa hicho kikafunika juhudi zake dhidi ya UKIMWI, jambo ambalo si haki. Alifariki London tarehe 26 Aprili 2016. Wanawake wa Embakasi husema wamejifungulia "Mama Lucy", yaani katika hospitali ya umma yenye jina lake.