Mzazi anapomsahau mwanawe: Wema wa nyumbani katika maradhi ya kumbukumbu

Kila jua linapokaribia kuzama, bibi mmoja aliyevuka miaka 80, ambaye familia yake tunaifahamu, hujifunga kanga zake, huchukua kifurushi cha nguo na kwenda kusimama mlangoni. Humwambia binti aliye naye, “Mwanangu, ahsante kwa ukarimu wenu, lakini usiku unaingia, nami sina budi kurejea kwetu.” Nyumba anayoiaga ni yake. Ameishi humo tangu alipoolewa, na wanawe wote wamelelewa humo. Binti anayeambiwa maneno hayo ndiye kitinda mimba wake, lakini saa hiyo mama humdhani kuwa ni jirani mwema tu.

Miezi ya mwanzo binti alikuwa akimsahihisha: “Mama, hapa ndipo kwako!” Mama akakasirika, binti akapandisha sauti, na magharibi ikaingia watu wakilia. Siku hizi hufanya jambo jingine. Humjibu, “Sawa, mama. Adhana inakaribia, tuswali kwanza, tunywe chai, kisha tutazungumza habari ya safari.” Huswali pamoja, hunywa chai, na aghalabu safari huwa imekwisha kusahaulika.

Mambo kama haya yamo katika nyumba nyingi za Waislamu, lakini huzungumzwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Tumeona yafaa kuyaeleza waziwazi katika kurasa hizi za familia, kwa kuwa kumtunza mzazi aliyepoteza kumbukumbu ni mlango mpana wa wema, na pia ni mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuubeba peke yake.

Si dharau, wala si uchawi

Matabibu huyaita maradhi haya dimensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la hali inayoletwa na maradhi mbalimbali yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, mpaka mtu akapoteza kumbukumbu, lugha, uamuzi na hata uwezo wa kuvaa nguo zake mwenyewe. Yaliyoenea zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo ambalo shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa huchangia sana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hii, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia. Basi hayo si maradhi ya Wazungu, kama wengine wanavyodhani.

Wala Muislamu hapaswi kuyashangaa. Qur’an Tukufu, katika Suratun-Nahl na Suratul-Hajj, imetaja kuwa wako miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wasijue kitu baada ya kuwa walikijua. Na Mtume wetu (rehma na amani zimshukie) alikuwa akiomba kinga kwa Allah asirudishwe kwenye umri huo. Aliyefikwa na hali hii hakufanya kosa, na anapouliza swali moja mara kumi hakusudii kumuudhi mtu. Ubongo wake haukuhifadhi jibu, na kwake kila mara ni mara ya kwanza.

Hatari kubwa huja pale maradhi yanapopewa jina lisilo lake. Katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Ajuza anayezunguka usiku na kusema peke yake huweza kuingizwa katika dhana hiyo kwa wepesi sana. Wengine hukimbilia kusema ana majini, wakamfunga kamba au wakampiga ili “watoke”. Kumsomea mgonjwa Qur’an ni jambo jema, lakini kumpiga ni dhulma, na kumsomea hakuzuii kumpeleka hospitali.

Na hospitali ni lazima, kwa sababu si kila usahaulifu wa mzee ni dimensia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, huzuni kubwa baada ya kufiwa, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, au dawa zinazogongana huweza kuvuruga akili, na mengi ya hayo hutibika. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili tu, huenda ana maambukizi, kama yale ya njia ya mkojo, naye anahitaji matibabu ya haraka. Dimensia yenyewe haijapata dawa ya kuiponya. Zipo dawa zinazopunguza baadhi ya dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Sehemu kubwa ya tiba iliyobaki ni matunzo, na matunzo hayo hufanyika nyumbani.

Nyumba inayomsaidia mgonjwa

Mgonjwa wa dimensia husahau kwanza mambo ya jana na juzi, ilhali ya utotoni hubaki kwa muda mrefu. Kwa hiyo anapomwita mumewe aliyefariki miaka 20 iliyopita, si busara kumpa taarifa ya msiba kila siku, maana kila siku atafiwa upya. Ni afadhali kumuuliza, “Alikuwa mtu wa namna gani?” na kumwacha asimulie. Tusishindane naye, wala tusimfanyie mtihani wa “Mimi ni nani?” mbele ya wageni. Tujitambulishe wenyewe: “Shikamoo, bibi. Ni mimi, mjukuu wako, nimekuja kukusalimu.”

Ratiba humtuliza. Ale, aoge, apumzike saa zile zile na mahali pale pale. Hapa Waislamu tumeneemeka, kwa kuwa adhana tano huigawa siku kwa sauti aliyoizoea tangu utotoni. Wagonjwa wengi huhangaika zaidi jioni. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia, na kelele za televisheni zipunguzwe. Apewe pia kazi nyepesi aliyoizoea: kuchambua mchele, kukunja kanga, kupanga mswala. Mtu asiyeachiwa kazi yoyote hujiona mzigo, hata akiwa hawezi kulisema hilo.

Usalama nao una hesabu yake. Jiko la mkaa, mafuta ya taa na dawa viwekwe mbali. Sakafu ya choo isiwe na utelezi, na kuwe na kitu cha kushikilia. Wapo wazee wanaoamka saa nane usiku wakidhani ni alfajiri, wakatoka kwenda msikitini. Komeo liwekwe juu, mahali asipozoea kulitafuta, lakini asifungiwe ndani peke yake, maana moto ukitokea hatakuwa na njia ya kutoka. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe ndani ya mfuko wa kanzu, na muadhini, muuza duka na vijana wa bodaboda waelezwe hali yake.

Kuna jambo watoto huliogopa kulisema, nalo ni kumwogesha mzazi na kumbadilisha pampasi. Asili ni kuwa mume amhudumie mkewe na mke mumewe, au binti mama yake na kijana baba yake. Wasipopatikana, dharura ina hukumu yake, kwa kiasi cha haja, huku mwili ukifunikwa na mkono ukivishwa glavu au kitambaa. Jamii yetu inajua vizuri namna ya kumwosha maiti kwa sitara: shuka juu ya mwili, macho chini, maneno machache. Aliye hai anastahili sitara hiyo zaidi, kwa kuwa yeye bado huona haya.

Ibada zake na mali yake

Familia nyingi huhangaika: mama anaswali rakaa saba, baba anakula mchana wa Ramadhani kisha anadai amefunga. Mtume (rehma na amani zimshukie) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyeondokewa na akili mpaka irejee. Kwa hiyo ambaye akili imemtoka hadaiwi swala wala saumu. Mzee ambaye akili yake ipo lakini mwili umeshindwa kufunga, hutolewa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Ambaye akili yake huja na kuondoka, familia imuulize mwanazuoni wanayemwamini. Akitaka kuswali, tusimzuie wala tusimhesabie rakaa. Tumsimamishe ubavuni mwetu afuate anachokiweza.

Mali yake ni amana. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, Zaka haiondoki katika mali ya asiye na akili. Msimamizi wake huitoa kutokana na mali hiyo hiyo. Hiba, mauzo au talaka inayotoka kwa mtu ambaye akili yake imekwisha kuondoka haisimami, hata kama dole gumba lake limewekwa kwenye karatasi. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wapo watoto wanaomkumbuka mzazi siku ya kuuza kiwanja tu. Dalili za mwanzo zikionekana, wakati mzazi bado anafahamu, familia iketi naye mbele ya sheikh mwenye elimu na mwanasheria, yaandikwe madeni yake, amana alizonazo na wasia wake, na ateuliwe atakayesimamia mambo yake.

Nani anamtunza mtunzaji?

Katika Suratul-Israa, Allah (SW) ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi, akataja hasa wakati mmoja wao au wote wawili wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Akakataza hata ile sauti ndogo ya kuguna kwa kuchoka. Aliyekesha usiku wa tatu mfululizo na mzazi anayepiga mlango ndiye anayejua ukubwa wa amri hiyo. Mguno humtoka kwa sababu mwili umekwisha, wala si kwa kukosa mapenzi. Basi kumsaidia ili aweze kuitii amri hiyo ni wajibu wa ndugu zake.

Tunayoyaona ni kinyume chake. Baba ana watoto saba, lakini anayemwogesha ni mmoja, mara nyingi binti ambaye hakuolewa au aliyeachika, au mke wa mmoja wa wana. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa hutolewa na wanawake. Ndugu wengine huja Idi, hukaa saa moja, hula pilau, na kabla ya kuondoka huuliza kwa nini mzee amekonda.

Wajibu wa kumtunza mzazi ni wa wanawe, wa kiume na wa kike. Mkwe akimhudumia, hiyo ni ihsani yake, inayostahili shukrani na wala si amri. Tunapendekeza familia ikae kikao, na kila mmoja ataje atakachokitoa. Aliye karibu achukue usiku mawili matatu ya juma. Mwenye kipato alipie dawa, pampasi na msaidizi wa nyumbani, na msaidizi huyo alipwe kwa wakati na apate siku ya mapumziko. Aliye Maskati au London atume fedha, na apige simu, si kwa mzazi tu, bali pia kwa dada yake anayekesha, amuulize, “Wewe umelala?” Yakikubaliwa, yaandikwe.

Ni mashuhuri kisa cha watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni. Mmoja wao aliomba kwa amali yake: aliwakuta wazazi wake wamelala, akasimama na maziwa mkononi mpaka alfajiri, hakutaka kuwaamsha wala kuwatanguliza watoto wake. Allah akalisogeza jiwe. Ule ulikuwa usiku mmoja. Dimensia huleta kesha kama lile kwa miaka, na wana wa mzazi mmoja wakipokezana, kila mmoja atapata fungu lake la amali ile na mwili wake utabaki na nguvu.

Misikiti nayo ina nafasi. Imamu aweza kulitaja jambo hili katika hotuba ya Ijumaa ili aibu iondoke. Akina mama wa madrasa waweza kupanga zamu ya kukaa na mgonjwa saa mbili, mtunzaji apate kwenda sokoni, hospitali au kulala.

Yule bibi wa mlangoni bado hufunga kifurushi chake kila jioni. Siku za Alhamisi na Ijumaa anayempokea ni mwanawe wa kiume, aliyejifunza kupika uji na kujibu habari ya safari. Siku hizo dada yake hulala usiku kucha. Na bibi, ambaye majina ya wote wawili yamemtoka, akisimamishwa kwenye mswala husoma Al-Fatiha yote bila kukosea, nao wanawe huitikia, “Amin.”

Tunamuomba Allah awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atupe subira tusigunegune mbele yao. Amin.