Thina si Dawa ya Kichwa cha Printa

Swali ni lile lile, na limekuja tena: "Fundi, kichwa kimeziba, nitie thina gani?" Safari hii limetoka kwa kijana wa Lodwar mwenye bango la kupeleka Nariokotome, lakini Kakuma nako huuliza vivyo hivyo. Hakuna anayeuliza kama kichwa kimeziba kweli. Wanataka tu kujua ni thina ya duka la rangi au ile ya gereji. Si hii wala si ile.

Thina ya wapaka rangi magari ni mchanganyiko wa viyeyushi vikali, mara nyingi tolueni, asetoni na jamaa zao. Kuyeyusha inayeyusha, hilo silibishi, na ndiyo maana mtu akiona wino mweusi ukitiririka chini hushangilia kwamba kichwa kimepona. Ila kichwa cha Epson, kiwe DX5, XP600 au i3200, kimeundwa kwa matabaka membamba yaliyounganishwa kwa gundi, na thina haina macho ya kupambanua wino mkavu na gundi. Utachapisha kwa siku chache ukijisifu. Kisha njano itaanza kutoka na ukijani, wekundu utaingia kwenye samawati, na hapo ujue kuta za ndani zimeachia. Kichwa hicho hakisafishiki tena. Nunua kingine, na wakati unahesabu noti, kumbuka ile chupa uliyoiita ya bei nafuu.

Mpira wa kepi, kile kifuniko anachokalia kichwa mashine ikipumzika, na dampa, kile kikasha kinachokilisha kichwa wino, navyo huvimba kwa thina hiyo hiyo. Kepi iliyovimba haifungi sawasawa, hewa inaingia, kichwa kinakauka usiku, asubuhi unatia thina nyingine.

Wapo wanaoimimina kwenye tangi la wino kabisa, eti kuuongeza. Wino wa eko-solventi si maji yaliyotiwa rangi. Ni punje ndogo mno za rangi zinazoelea kwa sababu kila moja imevikwa kemikali ya kuizuia isishikamane na mwenzake. Thina huivua kemikali hiyo, punje zikashikana, zikateremka hadi kwenye nozeli ambayo upana wake ni mikroni 20 na ushei, chini ya nusu ya unene wa unywele. Kwa hiyo dawa ya kuzibua ndiyo inayoziba. Dawa ya kusafishia vioo, ambayo nayo husifiwa sana, ilitoka kwa watu wenye printa za ofisini zenye wino wa maji. Ukiikutanisha na eko-solventi, wino huganda kama uji.

Halafu bomba la sindano. Mtu hulijaza, hulichomeka, husukuma kwa nguvu zake zote. Utando wa ndani ya kichwa hupasuka, au kimiminika hupanda hadi kwenye waya bapa. Akiwasha umeme, kichwa kinaungua, pengine na bodi ya mashine pamoja nacho.

Sasa swali lililopaswa kuulizwa: je, kichwa kimeziba kweli? Chapisha mistari ya majaribio mara tatu mfululizo, uilinganishe. Mapengo yakihama mahali kila mara, una hewa kwenye mipira ya wino au dampa. Rangi nzima ikififia katikati ya bango kisha ikarudi baada ya mashine kupumzika, wino haufiki: chujio, dampa au mpira uliojikunja. Mapengo yakikaa pale pale, hapo ndipo kuziba kunawezekana, na hata hivyo huenda ni nozeli iliyokufa kiumeme, ambayo hakuna kimiminika duniani kitakachoifufua. Kisha jaza kepi dawa ya kusafishia na uwashe pampu. Isiponyonywa, mgonjwa wako ni pampu au kepi. Kichwa unakionea bure.

Na tazameni mashine zinapokaa. Vitabu vingi vya mashine hizi hutaka joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 bila taabu, hewa ni kavu, na upepo wa Turkana huleta vumbi hadi ndani ya droo. Ukiacha mlango wazi ili wateja waone kazi, unakausha nozeli kwa hiari yako. Funga mlango, weka beseni la maji chumbani, futa kepi na kifutio kila jioni kwa dawa ya kampuni iliyotengeneza wino huo. Kichwa kilichokauka kweli hulowekwa kwenye kepi usiku kucha kwa dawa hiyo hiyo, bila kusukumwa.

Kuhusu wino upi, nitakwenda haraka. Bango la fleksi au stika ya vinili: eko-solventi, kichwa cha XP600 kama mtaji ni mdogo, i3200 kama kazi ni nyingi. Mabango makubwa ya barabarani: solventi kali, lakini kwa vichwa vya Konica au Spectra vilivyoundwa kuistahimili, na chumba chenye kutoa hewa, maana mvuke wake ni sumu. Ukuta wa zahanati: wino wa lateksi wa HP, hauna harufu kali, na vichwa vyake mwenye mashine hubadilisha mwenyewe, ila unahitaji umeme mwingi wa kuukausha. Bati na mbao: wino wa UV. Jezi za poliesta: sablimesheni. Wino wa maji wa rangi iliyoyeyuka (dye) uacheni kwa kazi za ndani ya nyumba. Anayetaka kuelekeza wageni Nariokotome, yalikogunduliwa mabaki ya kale ya Kijana wa Turkana mwaka 1984, asimkubalie mchapaji anayempa kazi isiyo na lamineti: jua la huko hula njano na wekundu kwanza, bango likabaki la bluu.

Nunueni UPS. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, rudisheni kichwa juu ya kepi kwa mkono. Ikishindikana, kiwekeeni chini kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa dawa ya kusafishia. Umeme ukirudi, chapisheni mistari ya majaribio kabla ya kugusa kazi ya mteja.